Msituambie Kadi ya Harusi ni Anasa

Kuna maneno yanazunguka huku Rejaf, na wenzetu wa Gorom wanayasikia pia: eti vijana wanaotengeneza kadi za harusi kwa mikono wanacheza. "Watu hawana mafuta ya kupikia, nyinyi mnachoma poda ya dhahabu kwenye karatasi." Watu wa miradi wanayasema kwa upole. Wazee wetu wanayasema bila upole. Mimi nayakataa kutoka kwa wote wawili.

Kwanza, wengi wanaosema hivyo hawajawahi kukaa dakika kumi kando ya mtu anayeifanya hiyo kazi. Muhuri unachongwa kwenye soli ya ndala, au kwenye kipande cha tyubu ya gurudumu kilichobandikwa juu ya kibao. Herufi zinachongwa kinyume, kama zinavyoonekana kwenye kioo. Ukimchongea bwana harusi jina AMANI jinsi linavyosomeka, kadi itatoka imeandikwa INAMA, na hiyo N nayo imegeuka. (Mama mkwe hatacheka.) Wino wa kawaida wa ofisini unakauka haraka mno, kwa hiyo mafundi wanautilia matone ya gliserini ya duka la dawa ili ubaki unanata. Kabla ya kupiga muhuri karatasi inapanguswa na poda ya mtoto kidogo sana, kwa sababu jasho la mkono likibaki pale, ile poda ya kung'aa itashika kila mahali. Kisha muhuri unapigwa, poda inamwagwa juu yake, karatasi inainamishwa na kugongwagongwa, na iliyozidi inarudishwa kwenye kopo. Haipotei hata chembe, maana si kitu cha kupata kwenye kila kibanda cha Konyo Konyo.

Halafu moto. Kwenye umeme watu wanatumia kifaa maalumu cha joto. Draya ya saluni haifai, inapeperusha poda kabla haijayeyuka. Sisi tunatumia jiko la mkaa: kadi inashikwa juu ya makaa, si karibu, inasogezwa taratibu, joto linaingia kutoka chini. Ghafla poda inayeyuka, inang'aa, na maandishi yanainuka mpaka unaweza kuyapapasa kwa kidole. Ukizidisha ukaribu, karatasi inakuwa kahawia. Ukizidisha muda, maandishi yanazama na kubaki kama doa la mafuta. Huo ni ufundi kama ufundi wa cherehani, na hakuna anayemwambia fundi cherehani kwamba anacheza.

Lakini ufundi peke yake haunipi haja ya kuandika. Ninaandika kwa sababu ya karatasi yenyewe.

Ndugu zangu, hebu tuulizane. Ni wangapi kati yetu tuliooana ukimbizini tuna cheti cha ndoa? Tulikuwa na mahari, tulikuwa na mchungaji au shekhe, tulikuwa na wazee wa pande mbili na ngoma mpaka asubuhi. Karatasi hatukuwa nayo. Miaka inapita, mume yuko Juba, mke yuko Uganda, kuna mahojiano, na anayehoji anauliza: mlioana lini? Wapi? Nani alikuwepo? Mtu unabaki kuapa.

Nyinyi wenye vesti mnajua, au mnapaswa kujua, kwamba kamati tendaji ya UNHCR iliamua mwaka 1981, katika azimio lake namba 24 juu ya kuunganisha familia, kwamba kukosa karatasi za kuthibitisha ndoa kusiwe peke yake kizuizi. Maana yake ni kwamba vitu vingine vinatazamwa: picha, barua, mashahidi. Kadi ya mwaliko inaingia hapo. Si cheti, na asije mtu akamdanganya bibi harusi kwamba ni cheti. Lakini ni karatasi yenye majina mawili, tarehe, mahali, na majina ya wazazi, iliyotengenezwa kabla hajatokea mtu yeyote wa kuwahoji, ikapelekwa kwa watu 60 ambao kila mmoja anaweza kuitoa sandukuni. Niambieni hiyo ni anasa.

Wazee wangu watajibu: zamani tulialikana kwa mdomo na ndoa zilidumu. Ni kweli. Hata kule pwani ya Waswahili wenyewe akina mama walikuwa wanatumwa nyumba kwa nyumba kualika, na ukialikwa kwa mdomo umealikwa. Ila, mzee wangu, neno la mdomo linahitaji majirani wanaokaa. Shahidi wa harusi ya kijijini utamkuta kisimani miaka 30 baadaye. Shahidi wa harusi yetu leo yuko hapa, kesho yuko Bidi Bidi, keshokutwa yuko Kakuma au Kanada. Neno lake limeondoka naye.

Na vijana wa simu, nyinyi nao. Picha ya mwaliko inayotumwa WhatsApp ni nzuri na ya haraka, siwakatazi. Lakini simu inaibiwa, inaanguka majini, namba inafungwa, na harusi yako inaenda nayo. Tumeni picha, kisha tengenezeni hata kadi 20 za karatasi.

Kuna hofu nyingine, haisemwi wazi, mimi nitaisema. Mkimbizi anayejua kuchonga muhuri anatazamwa kwa jicho baya. Maisha yetu yote muhuri uko upande wa pili wa meza: wa kadi ya chakula, wa kibali cha safari, wa hospitali. Kwa hiyo wanaona kisu na mpira mkononi mwa kijana wanafikiri amekuja kughushi. Jibu langu ni fupi. Mwenye nia ya kughushi hahitaji ndala, mihuri inatengenezwa mijini kwa pesa. Na sisi tujiwekee sheria hadharani: hatuchongi nembo ya serikali, wala ya shirika, wala sahihi ya mtu. Tunachonga maua, mitumbwi, ng'ombe, na majina ya wanaooana. Tena fundi aulize umri. Sheria ya Mtoto ya Sudan Kusini ya mwaka 2008 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kadi ya mtoto isipigwe muhuri, hata baba yake akija na ng'ombe mlangoni.

Sasa lugha. Kadi nyingi zinazochapwa mjini ni Kiingereza kitupu, "you are cordially invited", na bibi yake bwana harusi anaishika juu chini. Hapa hapa Rejaf mwaka 1928 maofisa wa Waingereza, wamisionari na mtaalamu wa lugha Diedrich Westermann walikaa kikao kuamua lugha gani za kusini zifundishwe na zitaandikwaje. Walichagua 9: Kibari, Kidinka, Kinuer, Kishiluk, Kilotuko, Kizande, Kimoru, Kindogo na Kikreish, zote kwa herufi za Kilatini. Sina ugomvi na orodha yao, vitabu vilitoka humo. Ugomvi wangu ni kwamba karibu miaka 100 baadaye bado tunangoja mtu mwingine atuchagulie. Kwenye soli ya ndala kisu kimoja kinachonga alif na kinachonga A. Andikeni Kiarabu cha Juba jinsi mnavyokisema. Andikeni Kibari upande mmoja na Kiswahili upande mwingine, wakwe wote wasome.

Na watu wa miradi, ombi langu kwenu si mafunzo. Tumeshapewa mafunzo ya siku tatu, soda, fulana na cheti, halafu kopo la poda likaisha wiki iliyofuata na hakuna aliyeuliza. Mnafanya mikutano kila mwezi na mialiko mnachapisha mjini. Leteni kazi hiyo huku, mlipe bei ya mjini, si bei ya huruma. Fundi atajinunulia poda mwenyewe.

Na yule anayekaa kwenye meza ya mahojiano: siku mama akikufungulia kitambaa chake akatoa kadi yenye maua ya mpira na maandishi yaliyoinuka, usiisukume pembeni kama picha ya mtoto wa shule. Soma majina, soma tarehe, piga kopi uiweke kwenye faili, na ile yenyewe mrudishie hapo hapo.