Dawa Itokayo Udongoni

Mvua za vuli zianzapo kunyesha huku Wazo, hutoka ardhini harufu nzuri ambayo kila mwenyeji aijua. Harufu hiyo hutolewa na vijidudu vya udongoni viitwavyo Streptomaisesi. Katika mwaka 1943, huko Marekani, kijana Albert Schatz, mwanafunzi wa Selman Waksman, alipata katika vijidudu vya jamii hiyo streptomaisini, dawa ya kwanza iliyofaa kwa kifua kikuu. Rifampisini nayo asili yake ni udongo wa Ufaransa.

Wagonjwa wa Afrika ya Mashariki ndio walioshiriki katika majaribio, yaliyotangazwa mwaka 1972, yaliyoonyesha kwamba miezi 6 ya dawa hizo, pamoja na isoniazidi, yatosha. Zamani tiba ilichukua mwaka mzima au zaidi. Hayo twayataja kwa fahari.

Lakini, ndugu wasomaji, wako waachao vidonge mwezi wa pili, mara kikohozi kitulizanapo. Vijidudu vyenye kuihimili dawa ndivyo visaliavyo, vikazaana, vikamfikia mama na watoto walalao chumba kimoja. Na dawa mpya haziji upesi: teiksobaktini, iliyopatikana udongoni na kutangazwa mwaka 2015, haijafika bado kwa wagonjwa.