Mafundi wa Kompyuta na Mzaha Wao

Ndugu wafanyakazi, msidhani mafundi wa kompyuta hawana mzaha. Tarehe 1 Aprili 1990, siku ya wajinga, David Waitzman wa Marekani alitoa waraka wa kanuni, kwa lugha nzito ya kiofisi, wa kupeleka habari za kompyuta kwa njiwa. Mwaka 2001 wenzake wa Bergen, Norwei, waliijaribu kweli: barua 9 zilirushwa, majibu 4 tu yakarudi. (Posta nyingine tunazijua.)

Mzaha huo tunaupenda. Wanajicheka wenyewe na nyaraka zao. Lakini fundi anayemcheka karani wetu wa mishahara aliyebonyeza pasipo, huyo hatucheki naye. Karani huyo aliletewa mashine Jumatatu, hakufundishwa hata saa moja.