Ethanoli ikimaliza molasi, ng'ombe atapewa nini?

Anayevusha mashudu ya alizeti kutoka Singida kupitia Namanga amezoea kutazama mvua ili ajue bei. Sasa inambidi atazame pia matangi ya magari, maana mafuta ya mimea na chakula cha mifugo hutoka kwenye gunia moja.

Mfano mkubwa ni Marekani. Sheria za 2005 na 2007 zililazimisha ethanoli ichanganywe na petroli, na leo zaidi ya theluthi moja ya mahindi ya huko huingia viwandani. Wengi huishia hapo, wakisema mifugo imeporwa. Si kweli kabisa. Kiwanda huchukua wanga tu. Katika kila kilo 100 za mahindi hubaki karibu kilo 30 za machicha makavu yenye protini nyingi, na hayo hurudi horini. Soya inarudisha zaidi: kilo 100 zikikamuliwa hutoa mashudu takriban kilo 80. Mahitaji ya dizeli ya mimea yakipanda, soya hukamuliwa kwa wingi, mashudu yakajaa sokoni na bei yake ikalegea. Kwa hiyo muuza mashudu hana sababu ya kushtuka kila kinapotangazwa kiwanda cha mafuta ya mimea.

Cha kumshtua ni molasi. Ethanoli ya ukanda huu hutoka zaidi huko: Muhoroni na Kisumu nchini Kenya, Kakira nchini Uganda. Katika molasi sukari ndiyo lishe yenyewe. Ikishachachushwa, kinachobaki ni maji machafu ambayo hayajazi hori. Tena molasi haiongezeki kwa sababu bei imepanda, kwani hakuna mkulima anayepanda miwa kwa ajili yake. Tani 100 za miwa hutoa tani 3 au 4 tu. Julai 2023 Kenya iliposimamisha usagaji magharibi mwa nchi kwa kukosa miwa iliyokomaa, chanzo cha molasi nacho kilisimama. Katika uhaba wa namna hiyo, mwenye lori la tangi na mkataba wa mwaka huhudumiwa kwanza. Mchuuzi wa mapipa husubiri getini, na mfugaji wa ng'ombe wawili husubiri nyuma yake.

Mbegu za mafuta nazo zina mtego. Tangu 2022 kampuni ya Eni ya Italia inakamua mbegu huko Makueni, zikiwemo za nyonyo na pamba, kwa ajili ya mafuta ya viwanda vyake. Mashudu ya nyonyo yana risini, sumu inayoua mnyama. Ya pamba yanamfaa ng'ombe mkubwa, lakini kuku na nguruwe huyalipia kwa afya. Anayenunua "mashudu" ya bei poa bila kuuliza mbegu yake anacheza na mtaji, na mteja aliyepoteza ng'ombe harudi.

Wapo wanaoshauri mahindi yanayokataliwa mpakani kwa sumukuvu, kama yale yaliyoifanya Kenya ifunge mlango kwa siku kadhaa Machi 2021, yapelekwe kwenye ethanoli. Kwa injini ni sawa. Ila sumukuvu haitoki na kilevi. Hubaki kwenye machicha, tena ikikolea karibu mara tatu, na kutoka hapo hupita kwa ng'ombe hadi kwenye maziwa. Machicha hayo yachomwe au yapimwe, yasiingie sokoni kimyakimya.

Serikali za ukanda huu zina haki ya kutafuta mafuta ya nyumbani. Dola za petroli zinauma. Lakini kibali cha kiwanda kipya cha ethanoli ya molasi kitaje, kwa tani na kwa mwezi, kiasi kitakachoachwa kwa wafugaji na wachuuzi, na kiasi hicho kibandikwe getini ambapo mwenye mapipa anaweza kukisoma.