Nani Atawasomea Karatasi Zao?

Mwaka 2022, vita vya M23 vikiwa bado upande wa Rutshuru, nilirudi nyumbani Masisi likizoni. Jirani yetu, mama anayenunua fromaji kwenye mashamba ya milimani na kuzituma Goma, aliniita uani. “Mtoto wangu, wewe unasoma luga kule universite. Nisomee hii.”

Ilikuwa karatasi ya Kifaransa, imekwisha kutiwa kidole gumba chake. Mnunuzi wa mjini ndiye aliyeiandika. Ndani mlikuwa na neno “dépôt”. Kwa Kiswahili chetu depo ni ghala, mahali bidhaa zinapopelekwa, na mama alielewa hivyo: peleka mzigo depo, lipwa. Karatasi ilisema jambo jingine. Fromaji zimewekwa tu kwa mnunuzi; zinabaki mali ya mama mpaka ziuzwe, na zikioza hasara ni yake. Zilikuwa zimekwisha kuoza.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili. Ningeweza kuwaeleza jinsi neno la mkopo linavyobadili maana likivuka kutoka lugha moja kwenda nyingine. Niliwahi hata kupata alama nzuri kwa somo hilo. Lakini hakuna aliyewahi kunituma dukani nikalione neno likimla mtu mtaji. Staji yangu niliifanya katika ofisi moja ya mjini, nikipiga fotokopi na kungoja saa ya kutoka.

Kipengele cha kwanza cha Katiba yetu ya 2006 kinafanya Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Sokoni mgawanyo huo una bei. Watu hupatana kwa Kiswahili, au kwa Kihunde, Kinyarwanda na Kinyanga, halafu karatasi huandikwa kwa Kifaransa. Anayekaa katikati ndiye anayekula.

Tazama Walikale. Kitivo chetu kinaijua kwa sababu ya utenzi wa Mwindo, ambao Biebuyck na Mateene waliuchapisha mwaka 1969. Ni kazi kubwa, siikatai. Ila wajukuu wa wasimulizi wa Kinyanga leo wanaishi karibu na Bisie, ambako tangu 2002 watu walibeba kasiterite mgongoni kupitia msituni, na ndege zikatua kwenye barabara ya lami pale Kilambo kuichukua. Kampuni ya Alphamin ilianza kuzalisha bati huko mwaka 2019. Sheria ya madini ya 2018 inaitaka kila kampuni inayochimba itoe angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na isaini nao hati ya ahadi. Hati hizo ni Kifaransa cha wanasheria. Mwenye butiki au mama wa mgahawa anayetumaini barabara ataisomaje?

Ninachoomba ni kidogo. Meza moja sokoni kila Jumamosi, wanafunzi wawili wa lugha na mmoja wa sheria, wakisoma na kuandika fakture, mikataba na barua kwa lugha mbili. Kitivo kiihesabu kama staji.

Wenzangu wananiambia tutageuka makarani wa bure. Basi tulipwe: sahani ya chakula, yuniti za simu, chochote kilichokubaliwa mbele na kuandikwa. Tena tusijifanye kwamba hatuna uhusiano na wafanyabiashara. Tunao, na jina lake ni deni. Mwenye butiki aliye karibu na chumba changu ana daftari lenye majina yetu: sabuni, unga, kalamu, mpaka mzazi atume pesa kwa simu. Sisi tunachomrudishia ni kucheka Kifaransa cha kibao chake. (Nami nimecheka.)

Wengine wanasema huu si wakati. Ni kweli kwamba Masisi-centre ilitekwa Januari 2025, na Walikale-centre nayo ilikaliwa Machi hiyo kabla ya M23 kuondoka mwanzoni mwa Aprili. Goma benki zilifungwa. Lakini wakati huo ndipo karatasi zilipozidi: mkopo bila benki, mzigo ulioachwa kwa mtu, nyumba iliyopangishwa haraka na aliyekimbia. Hatuhitaji kungoja barabara ya Masisi ifunguke. Wachuuzi waliohama wamo katika soko tunalopita kila asubuhi kwenda darasani.

Yule mama sasa anauza unga wa mihogo. Karatasi yake bado anayo, ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya uchaguzi. Nimemwomba kopi. Ananiambia nitaipata siku nitakayokuja na mwenzangu anayesoma sheria, si peke yangu.