Bunduki kwa Wote, Kura kwa Wachache

Mwaka 1781 mvulana wa miaka kumi na minne, James Forten, mwungwana mweusi wa Philadelphia aliyezaliwa huru, alipanda merikebu ya vita iitwayo Royal Louis kwenda kupigania uhuru wa Marekani. Waingereza wakaiteka merikebu ile. Nahodha wao akampenda kijana, akataka kumpeleka Uingereza akaishi pamoja na mwanawe. Forten alikataa: yeye, alisema, ni mfungwa kwa ajili ya nchi yake na hawezi kuigeukia. Akatiwa ndani ya Jersey, merikebu kuukuu iliyogeuzwa gereza pale New York, ambamo watu walikufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi. Alitoka akiwa hai baada ya miezi saba, akajifunza kushona matanga, akaja kuwa mmoja wa matajiri wa mji wake, mwenye karakana iliyowaajiri weusi na weupe. Mwaka 1838, mzee Forten akingali hai, katiba mpya ya Pennsylvania iliandika kwamba mpiga kura sharti awe mtu mweupe.

Wako watakaosema hizo ni fadhila za punda, kisha wafunge mjadala. Naomba tusiufunge upesi hivyo. Anayelalamikia utovu wa shukrani amekwisha kukubali, bila kujua, kwamba kura ni zawadi ambayo mkubwa humtuza mdogo akipendezwa naye. Ninalotaka kulisema kwa ndugu wasomaji ni kali zaidi ya hilo. Vita huita kila mtu, na wakati wa vita mnyonge huwa na thamani ambayo hakuwa nayo jana. Lile asiloandikiwa katika sheria wakati bunduki yake bado inahitajika, hataandikiwa bunduki ikisharudishwa ghalani. Tena aandikiwaye haki yake kwa kumfutia mwenzake ameipata nusu, na nusu hiyo ina deni.

Chanzo cha jambo hili ni cha zamani. Tangu mwaka 1430 sheria ya Uingereza iliruhusu kura za wilaya kwa mwenye ardhi iliyomwingizia shilingi arobaini kwa mwaka, na walowezi walivuka bahari na sharti hilo vichwani mwao. Hoja yao ilikuwa hii: asiye na ardhi hana linalomuuma katika nchi, tena hula kwa mkono wa mwingine, basi atapiga kura ya bwana wake. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, nami sitauficha. Huko Virginia mtu alitamka kura yake kwa sauti mbele ya umati, mgombea akiwa ameketi anamsikiliza. Mpangaji gani angethubutu kumkana mwenye shamba? Lakini dawa ya hofu ile ilikuwa kumfichia maskini kura yake. Wao wakaona afadhali wamnyang'anye.

Mwaka 1670 baraza la Virginia liliwavua kura watu huru wasio na ardhi wala nyumba, ambao wengi wao walikuwa vibarua waliomaliza miaka yao ya mkataba. Kodi waliendelea kulipa, na mgambo ulipopiga ngoma waliendelea kuitikia. Miaka sita baadaye wengi wao walimfuata mlowezi Nathaniel Bacon dhidi ya Gavana William Berkeley, wakaichoma moto Jamestown, mji mkuu wa koloni. Nisimpambe Bacon. Vita vyake vilianza kwa kuwaua wenyeji wa asili, hata Wapamunkey waliokuwa na mapatano ya amani na walowezi, na damu hiyo haifutiki kwa mazuri yoyote yaliyofuata. Hata hivyo ndani ya jeshi lake kulitokea jambo lililowatisha wakubwa kuliko moto wa Jamestown: vibarua weupe na watumwa weusi walisimama bega kwa bega. Wengine walipokwisha kusalimu amri, kundi moja la mwisho lililogoma kuweka silaha lilikuwa la weusi yapata themanini na Waingereza yapata ishirini.

Baraza lililokaa Juni 1676, katikati ya vurugu hizo, liliwarudishia kura watu huru wote. Oktoba Bacon akafa kwa kuhara damu. Berkeley akanyonga watu zaidi ya ishirini, na sheria za Juni zikafutwa. Kilichofuata kilichukua muda mrefu, nacho ndicho chenye mafunzo. Sheria baada ya sheria, weupe maskini walitengwa na weusi, hata ikafika mwaka 1723 Virginia ikamkataza kura kila mweusi, chotara na mwenyeji wa asili, hata kama ni huru na ana ardhi ya kutosha. Wakuu wa London wakauliza sababu. Gavana William Gooch aliwajibu mwaka 1736, bila haya, kwamba ilifaa kuwatia watu wale alama ya kudumu ya kuwatofautisha na weupe. Mweupe asiye na ardhi hakupata kura kwa sheria ile. Alipewa mtu wa kumdharau, akaridhika kwa zaidi ya miaka mia moja.

Sasa tuje kwenye mwaka 1776. Machi ya mwaka ule Abigail Adams alimwandikia mumewe John, aliyekuwa Philadelphia kwenye Kongresi, akimsihi asiwasahau wanawake katika sheria mpya. Mume alimjibu kwa kicheko. Mwezi Mei, akimwandikia mwanasheria James Sullivan, hakucheka tena: alionya kwamba sharti la mali likilegezwa hakutakuwa na mwisho, wanawake watadai, vijana wasiofika miaka 21 watadai, na fukara asiye na senti atataka sauti sawa na ya tajiri. Mheshimiwa Adams aliona mbali. Alipokosea ni kuliogopa lile aliloliona.

Wakati yeye anaandika barua, mitaa ya Philadelphia ilikuwa na watu wasiongoja hisani ya mtu. Askari wa kawaida wa mgambo, mafundi na vibarua, waliunda kamati yao wenyewe. Walidai wawachague maofisa wao, na matajiri wanaokaa nyumbani wachangie gharama za vita. Juni ikaamuliwa kwamba mwanamgambo aliyetimiza miaka 21 na kulipa kodi awe na kura katika kuwachagua wajumbe wa kutunga katiba. Septemba katiba ikatoka, Benjamin Franklin akiwa mwenyekiti wa mkutano, nayo ilimpa kura kila mwanamume huru mlipa kodi aliyekaa jimboni mwaka mmoja. Sharti la kuwa na ardhi likaondoka. Waingereza walikuwa bado hawajafika Philadelphia! Ndiyo maana nawasifu askari wale: walidai wakiwa bado wanahitajika, wakaandikiwa, ndipo wakaenda vitani. Nawalaumu kwa jambo moja. Katiba yao ilikuja na kiapo kilichowaweka kando Waquaker wengi, watu ambao dini yao huwakataza vita na viapo, kana kwamba asiyeshika bunduki si mwananchi.

New Jersey ilikwenda mbele zaidi, kisha ikarudi nyuma kwa aibu. Katiba yake ya 1776 iliwapa kura wakazi wote wenye mali ya pauni 50, bila kutaja jinsia wala rangi. Wajane na wanawake wasioolewa wakapiga kura, na weusi huru pia, na sheria ya 1797 ililithibitisha hilo kwa jimbo zima kwa kutaja wanaume na wanawake. (Mke wa mtu alikosa, kwa kuwa mali yake ilihesabiwa ya mumewe.) Mwaka 1807 watu wa wilaya ya Essex walipiga kura kuamua mahakama yao ijengwe wapi, na udanganyifu ukazidi mpaka, wanaume wakirudia kura. Wabunge wakashika kisingizio hicho wakasafisha daftari, na waliosafishwa wakawa wanawake na weusi. Sheria hiyo hiyo ilimfungulia mlango mwanamume mweupe yeyote anayelipa kodi. Asiyekuwepo na lake halipo: ndani ya bunge lile hapakuwa na mwanamke hata mmoja wa kusimama na kupinga. Weusi wa New Jersey walingoja hadi 1870, na wanawake hadi 1920.

Sisi wa Afrika Mashariki tusiyasome haya kama habari za mbali, maana sheria za namna ile zilitufikia kutoka London ile ile. Vijana wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walipelekwa Burma mwaka 1944, wakapigana porini na kufa huko. Mwafrika wa Kenya hakuchagua mjumbe wake wa baraza la kutunga sheria hadi Machi 1957, na hapo nako mtu alipewa kura moja, mbili au tatu kwa kadiri ya elimu, mali na utumishi wake. Tanganyika ya 1958 ilidai kipato cha pauni 150 kwa mwaka au elimu ya kiwango fulani, na kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Chama cha TANU kilibishana vikali Tabora kabla ya kukubali kuingia katika uchaguzi ule wa kura tatu. Kina mama wa sokoni na wakulima wa pamba waliokuwa wakilipia kadi za chama hawakuruhusiwa kupiga kura. Waliobaki nje na walioingia ndani walikuwa upande mmoja, na hilo ndilo lililowaokoa.

Nalisema hilo kwa sababu Rhode Island ilifanya kinyume. Jimbo hilo, dogo kuliko yote, lilibaki na hati ya Mfalme Charles wa Pili ya 1663 hata baada ya mapinduzi. Mpiga kura alitakiwa awe na ardhi ya dola 134, au awe mtoto wa kwanza wa kiume wa mwenye ardhi hiyo. Kufikia mwaka 1840 viwanda vya pamba vilikuwa vimejaza miji wafanyakazi, na zaidi ya nusu ya wanaume wazima hawakuwa na kura.

Jimbo hilo hilo mwaka 1778, liliposhindwa kutimiza idadi ya askari, lilifungua jeshi kwa watumwa. Atakayekubaliwa jeshini atakuwa huru, na bwana wake atalipwa fidia. Kikosi chao kilisimama imara tarehe 29 Agosti mwaka ule dhidi ya Wajerumani wa kukodiwa waliowashambulia tena na tena. Mwaka 1822, baadhi ya askari wale wangali hai, Rhode Island ilitunga sheria kwamba mpiga kura ni mweupe tu.

Akatokea Thomas Wilson Dorr, mwanasheria wa ukoo wa kitajiri, akawapigania wasio na ardhi. Oktoba 1841 wafuasi wake waliitisha mkutano wao wa katiba bila idhini ya serikali. Weusi wa Providence wakapeleka ombi lao, lililoandikwa kwa ufasaha na mhudumu kijana wa kanisa, Alexander Crummell: nasi tunalipa kodi, baba zetu walimwaga damu, msitufungie mlango mnaoubisha nyinyi wenyewe. Dorr aliwaunga mkono. Wenzake wakamshinda kwa kura, wakihofia kwamba mweusi atawapotezea wafuasi, na Dorr akaendelea nao hivyo hivyo. Frederick Douglass, mweusi mpinga utumwa, alizunguka jimboni akiipinga katiba ile ya weupe watupu. Desemba ikapata kura karibu 14,000 za kuikubali.

Mwaka 1842 Rhode Island ikawa na magavana wawili: Dorr, na yule wa serikali ya zamani. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Mei Dorr alilikabili ghala la silaha la Providence na mizinga miwili. Mizinga ikagoma kulipuka, watu wake wakatawanyika. Na mjini, ndani ya vikosi vilivyoilinda serikali, walikuwemo wanaume weusi waliokataliwa Oktoba. Nani atawalaumu? Serikali iliwahitaji, wakashika bunduki, na safari hii malipo yaliandikwa: katiba iliyopitishwa Novemba iliwapa weusi wazaliwa wa nchi kura sawa na weupe. Ilisema pia kwamba mzaliwa asiye na ardhi anaweza kupiga kura kwa kulipa kodi ya dola moja au kwa kutumikia mgambo walau siku moja katika mwaka. Dorr alihukumiwa kifungo cha maisha na kazi ngumu kwa uhaini mwaka 1844, akafunguliwa mwaka uliofuata akiwa ameharibika afya.

Enyi mnaoongoza vyama vya wafanyakazi, vya wakulima, vya vijana, ogopeni mkutano ule wa Oktoba kuliko mnavyoogopa ghala la silaha. Mtu atakuja akiwaambia kwamba dai lenu litapita upesi mkiwaacha wahamiaji, au wanawake, au kabila lisilopendwa, kwamba zamu yao itafika baadaye. Mwulizeni ni nani atakayeitangaza zamu hiyo, na kwa nguvu gani. Waliowaacha wenzao Providence hawakupata hata lile walilodhani wanalinunua.

Katiba ile ya 1842 nayo haikuwa safi. Iliwataja Wanarragansett, wenye nchi wa asili, ili kuwanyima kura, na raia mzaliwa wa ng'ambo ilimbakizia sharti la ardhi ya dola 134. Hao wa ng'ambo wengi wao walikuwa Wairish wa viwandani, watu ambao katiba ya Dorr ingewapa kura. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, wengi wao walivaa sare na kwenda kuutetea Muungano. Vita vikaisha mwaka 1865. Askari na mabaharia wa Rhode Island waliozaliwa ng'ambo waliandikiwa kura sawa na wazaliwa Aprili 1886, miaka ishirini na mmoja baadaye, na raia wenzao waliozaliwa ng'ambo wasiokuwa na ardhi wakangoja hadi 1888.