Tupimwe Kwanza, Mkate Tuuache Baadaye

Mjini Arusha na katika vijiji vilivyo chini ya Mlima Meru, chapati na maandazi ni chakula cha kila siku. Wengi huvila bila madhara. Lakini wapo ambao gluteni, protini iliyomo katika ngano na shayiri, huwaharibia utumbo. Wakaharisha, wakakonda, wakapungukiwa damu. Daktari Mholanzi Willem Dicke alilieleza jambo hili katika tasnifu yake ya mwaka 1950.

Kosa kubwa ni mgonjwa kuacha ngano kabla ya kupimwa. Akiiacha, kipimo cha damu huweza kuonyesha kwamba hana ugonjwa, ilhali anao. Apimwe kwanza; ikithibitika, aiache maisha yake yote.

Kuacha ngano si kufa njaa. Loshoro, mtori na ugali wa mahindi havina gluteni. Na ndugu zetu wa Visiwani wanavyo vitumbua vya mchele. Ila mashine iliyosaga ngano isisage mahindi ya mgonjwa.

Tunazitaka Wizara za Afya, Bara na Visiwani, zihakikishe kipimo hiki kinapatikana katika kila hospitali ya mkoa. Mgonjwa asitibiwe minyoo mwaka hadi mwaka, na kumbe adui yumo sahanini.