Mtengeneza Tovuti wa Lubutu Atambuliwe Kisheria
Kijana wa Lubutu, katika jimbo la Maniema, anayewatengenezea wafanyabiashara tovuti, yaani kurasa za kujitangaza kwenye intaneti, hana haja ya kufanya kazi kwa kificho, kwani OHADA, jumuiya ya sheria za biashara ambayo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga nayo mwaka 2012, inamruhusu mjasiriamali mdogo kutoa tamko la shughuli yake bila malipo kwa karani wa mahakama, pasipo kuandikishwa katika rejista ya biashara. Hata hivyo, ngao yake kubwa ni mkataba wa maandishi unaotaja bei, muda na mmiliki wa anwani ya tovuti. Data za wateja nazo zinalindwa na Sheria ya Dijitali ya Machi 2023. Wakuu wa Maniema waisogeze karibu huduma ya kupokea tamko hilo, maana Kindu, makao makuu ya jimbo, ni mbali.